Tuwapeleke Watoto Ngitilini

Somo: Ayubu 28, Mambo ya Walawi 25:1–7



Tunaomba kila nyumba ifungue Biblia na kusoma kwa sauti mlango wa 28 wa Kitabu cha Ayubu kabla ya kuendelea na ukurasa huu. Ni vigumu kupata mlango mwingine katika Maandiko Matakatifu unaotuhusu namna hii sisi tunaokaa kati ya Shinyanga na Geita, kwa maana huo ni mlango wa wachimbaji. Mwandishi wake anamjua mchimbaji barabara. Anamwona akishuka gizani kutafuta mawe ya thamani, akichimba mbali na makao ya watu, akining'inia, akipasua mwamba na kupindua mlima toka misingi yake. Hata tai mwenye macho makali hajaiona njia hiyo. Mchimbaji wa Nyarugusu au wa Mgusu akisoma maneno hayo atadhani Ayubu aliwahi kushuka katika duara lake.

Na tuangalie jambo hili: Ayubu hamtukani mchimbaji. Nasi hatumtukani. Dhahabu ilichimbwa Geita tangu miaka ya 1930 hata mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Wengi wetu tumelishwa na kusomeshwa kwa jasho la kazi hizo, na sadaka zetu hutoka humo. Lakini baada ya kumsifu mchimbaji kwa ujasiri wake, Ayubu anauliza: je, hekima nayo huchimbwa wapi? Anakiuliza kilindi, anaiuliza bahari, vyote vinasema haiko kwangu. Anaweka dhahabu kwenye mizani, nayo haitoshi kuinunua.

Basi iko wapi? Jibu limo karibu na mwisho wa mlango, nasi huwa tunalipita haraka. Maandiko yanasema kwamba Mungu aliitazama hekima wakati alipokuwa akishughulika na uzito wa upepo, kipimo cha maji, amri ya mvua na njia ya radi. Yaani mahali pale pa wazi, penye upepo na mvua, ndipo hekima ilipoonekana. Ndipo Mungu akamwambia mwanadamu kwamba hekima yake ni kumcha Bwana, na akili yake ni kujitenga na uovu.

Tumelileta neno hili kwa sababu ya mazungumzo yanayosikika kila mwaka shule zinapoomba ruhusa ya kuwatoa watoto nje kwa siku moja, wakaone msitu, mlima, mto au ngitili. Wazazi wengi husema, "Huo ni utalii. Mtoto akae darasani asome, mtihani uko karibu." Wengine husema hakuna fedha. Wengine wanaogopa. Sisi tuliofanya kazi ya ualimu miaka mingi, na sasa tumestaafu, tunawaheshimu wazazi hao, maana wanasema kwa uchungu wa watoto wao. Lakini tunaomba tusikilizwe.

Chuoni tulifundishwa kanuni moja ya kale: mpeleke mtoto kutoka kwenye lile analolijua hadi lile asilolijua. Mtoto wa Kisukuma anaijua ng'ombe, anaijua njia ya kisimani, anaijua mvua iliyochelewa. Mwalimu Nyerere, alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya kijiji chake. Mwaka 1980 zilianzishwa klabu za Malihai, nazo ziliwafundisha wanafunzi wa nchi hii kupenda wanyamapori na misitu. Mwaka 1991 Jane Goodall, yule mama aliyekuwa amewachunguza sokwe wa Gombe tangu 1960, alikaa na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam, na kutoka hapo kikazaliwa chama cha vijana cha kutunza mazingira ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi. Basi jambo hili si geni kwetu, wala si anasa ya watu wa mbali.

Sasa tujiulize: mtoto akipelekwa ngitilini atajifunza nini?

Kwanza, atajifunza kwamba nchi inahitaji kupumzika. Wazee wetu, tangu zamani, mvua zilipoanza walifunga sehemu ya malisho, ng'ombe wasiingie, ili majani yakue na kungoja kiangazi. Njaa ya mifugo ilipozidi, ndipo wakafungua. Hiyo ndiyo ngitili. Tukisoma Mambo ya Walawi mlango wa 25 tunaona kwamba Bwana aliamuru nchi yenyewe iwe na Sabato yake. Wazee wetu hawakuwa wameisoma torati, lakini walielewa kwamba ardhi isiyopumzika hufa.

Kisha tukasahau. Tangu miaka ya 1920 mapori makubwa yalifyekwa ili kuwaua mbung'o, na mashamba ya pamba yakapanuka. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao. Mifugo ikazidi, miti ikaisha, na katika miaka ya 1980 mkoa wetu ukapewa jina la aibu: jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI. Mwanzoni walijaribu kuotesha miche na kuigawa. Baadaye wataalamu walikaa chini na wazee, wakagundua kwamba dawa ilikuwa imo nyumbani. Dagashida likakaa, sungusungu wakalinda, na ngitili zikafungwa tena. Wakati mradi ulipoanza zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu. Haikupita miaka 20, zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo ilichipua yenyewe ilipoachwa ipumzike. Wachunguzi walihesabu ndani ya ngitili hizo aina zipatazo 145 za ndege. Mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo na Umoja wa Mataifa.

Ndugu zangu, ni mhubiri gani anayeweza kueleza ufufuo kwa mtoto wa miaka 10 vizuri kuliko kisiki cha mgunga kilichochipua? Mwacheni akiguse kwa mkono wake.

Pili, atajifunza kwamba kila jambo lina chanzo chake. Hapa tunataka kusema neno zito. Sote tunajua kwamba katika nchi yetu hii ya Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga, wakiitwa wachawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Na macho yale yalikuwa mekundu kwa nini? Kuni zilikuwa zimekwisha. Mama alipika kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, miaka 40, miaka 50, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Moshi ndio uliomwiva macho. Tulikata miti, kisha tukamwua bibi kwa sababu ya moshi uliotokana na ukosefu wa miti.

Mtoto aliyetembea na mwalimu wake, akaona mahali palipo na miti na mahali palipo tupu, akamsikia mama akieleza umbali anaokwenda kutafuta kuni, huyo amepata kujua chanzo. Siku mtu atakapomnong'oneza habari ya macho mekundu, atakuwa na jibu. Hiyo ndiyo akili ambayo Ayubu anaisema mwishoni, kujitenga na uovu. Mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani wa Sayansi kwa alama za juu na bado akawa na panga mkononi, kama sayansi hiyo haikupata kutoka darasani.

Tatu, mtoto wa Geita atajifunza kuogopa lile linalostahili kuogopwa. Kila mtoto wa huku kwetu atatoka nje ya darasa siku moja. Swali ni nani atakayemtoa. Kama hatatolewa na mwalimu mchana kweupe, atatolewa na mwenzake anayemwambia kuna fedha mwaloni. Tumewaona watoto wakiacha shule wakaenda kuponda mawe, kuchekecha marudio, na kushika zebaki kwa vidole vitupu. Zebaki hukamata dhahabu, hiyo ni kweli. Lakini ikichomwa hutoka mvuke usioonekana, nao humwingia aliyesimama karibu na kumwumiza ubongo na mishipa ya fahamu. Inayobaki huteremka na maji ya mvua hadi mtoni na ziwani, ikaingia katika samaki, kisha ikaja mezani petu. Huko Minamata, Japani, mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu walikuwa wakiugua vibaya, na baadaye ikajulikana kwamba sababu ni kula samaki waliokuwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, na watoto wengine walizaliwa wakiwa wamekwisha kuumia tumboni mwa mama zao. Ndiyo sababu mkataba wa mataifa uliokubaliwa mwaka 2013 wa kuipunguza zebaki uliitwa Mkataba wa Minamata.

Tena kuna mashimo yaliyoachwa wazi. Mvua ikinyesha hujaa maji, na mtoto asiyefundishwa huona ni bwawa la kuogelea. Mwalimu akiwasimamisha watoto mbali, akawaonyesha ukingo unavyomeguka, somo hilo la nusu saa laweza kuokoa roho.

Tunawajibu sasa wazazi wenye hofu. Kuhusu fedha: hatuzungumzii basi la kwenda Serengeti. Ngitili nyingi zinafikika kwa miguu. Mwalimu anaweza kuanza juu kwenye majabali penye udongo wa luseni, akateremka nao hadi itogolo, wakamalizia kwenye mbuga nyeusi. Katika mwendo huo mfupi wamesoma Jiografia, Sayansi na Historia. Kuhusu mtihani: mtoto aliyeushika udongo kwa mkono hausahau. Kuhusu hatari: waende wazazi wawili watatu pamoja na mwalimu, wachukue maji, watembee asubuhi, wahesabiwe wakitoka na wakirudi, na ruhusa ya kijiji iombwe mapema. Hatari iliyosimamiwa ni ndogo kuliko ujinga usiosimamiwa.

Tuwakumbushe pia habari ya Rubondo, kisiwa kilicho katika ziwa letu na kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa pale sokwe waliokuwa wamekaa katika bustani za wanyama za Ulaya, wamezoea kupewa chakula mkononi. Wakaachiwa msituni. Wakajifunza kutafuta matunda na kutengeneza viota juu ya miti, wakazaa, na uzao wao uko hata leo. Ikiwa sokwe aliyezoea kizimba aliweza kujifunza tena msitu, je, mtoto wetu aliyezaliwa hapa hapa atashindwa?

Wapendwa, sisi Waanglikana tuna desturi ya zamani inayotusaidia. Katika siku tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, baba zetu wa imani huko Uingereza walikuwa wakitoka kanisani pamoja na watoto, wakazunguka mipaka ya parokia, wakiombea mashamba na kuwaonyesha watoto alama za mipaka ili wasisahau watakapokuwa wazee. Na tangu mwaka 1990 Kanisa letu duniani pote limekubali kwamba kutunza uumbaji ni alama ya tano ya utume wake, pamoja na kuhubiri, kubatiza na kufundisha, kuhudumia wenye shida na kutetea haki. Kwa hiyo anayempeleka mtoto ngitilini anafanya kazi ya Kanisa.

Basi tunaomba mambo matatu. Mzazi akiletewa barua ya ruhusa na shule, aitie sahihi, na asiye na nauli asaidiwe na Umoja wa Akina Mama au wazee wa kanisa. Wazee wanaojua majina ya miti na dawa zake wajitolee kufuatana na watoto, kabla maarifa hayo hayajazikwa pamoja nasi. Na Shule ya Jumapili ifanye matembezi yake katika wiki ya Kupaa. Wakati huo mvua zinaishia, ngitili ingali imefungwa na majani yamesimama marefu. Watoto wasimame ukingoni, wasikanyage, waimbe na kuomba.

Tuombe. Ee Mungu, uliyepima maji na kuiwekea mvua njia yake, uwaongoze watoto wetu wanapotoka na wanapoingia. Uwalinde na mashimo na sumu. Uwalinde wachimbaji walio chini ya ardhi leo. Uwafariji jamaa za vikongwe waliouawa pasipo hatia, na uondoe uovu huo katikati yetu. Utupe hekima isiyonunuliwa kwa dhahabu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.