Mstaafu na Jukwaa la Chama: Funzo la Chicago

Kila chama kinapojiandaa kwa mkutano mkuu, swali moja hurudi: rais mstaafu apewe nafasi ya kuhutubia, au akae mstari wa mbele, atambulishwe, apigiwe makofi, yaishe? Wapo wanaosema mzee ni hazina, haifai kumfunga mdomo. Wapo wanaosema zamu yake imepita, awaachie wenzake. Pande zote mbili zina hoja, na hoja tupu hazitatufikisha mbali. Afadhali tuangalie kisa cha kweli, kilichotokea Marekani mwaka 1912. Ninakisimulia kwa sababu mtu aliyejikwaa humo alikuwa na akili, ushujaa na mapenzi kwa nchi yake kuliko wengi wetu. Ikiwa yeye alijikwaa, mimi na wewe tusijidhanie tuko salama.

Theodore Roosevelt aliingia madarakani mwaka 1901, baada ya Rais William McKinley kuuawa. Mwaka 1904 alichaguliwa kwa kura nyingi, na usiku uleule wa ushindi akatangaza hadharani kwamba hatagombea tena. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Muda ulipofika alimwandaa rafiki yake mpenzi, William Howard Taft, aliyekuwa waziri wake wa vita, na chama cha Republican kikampitisha Taft mwaka 1908. Machi 1909 Roosevelt akakabidhi ofisi. Alikuwa na umri wa miaka 50 tu.

Mwezi uliofuata alishuka Mombasa. Kutoka hapo alipanda treni hadi nyanda za Kapiti, akawinda katika nchi inayoitwa leo Kenya, akapita Uganda, akafuata mto Nile hadi Khartoum, alikofika Machi 1910. Nia mojawapo ya safari ile ilikuwa njema: kumpa mrithi wake nafasi ya kutawala bila mtangulizi wake kumchungulia begani. Tumpe haki yake. Wastaafu wangapi leo wako tayari kwenda mbali kiasi hicho ili mwenzao apumue?

Lakini mwili ulisafiri, moyo ukabaki Washington. Hapo ndipo dalili zilipoanza, na ninaomba tuzitazame moja moja, maana zote zilionekana mchana kweupe.

Dalili ya kwanza ilikuwa watu waliomletea maneno. Barua za malalamiko dhidi ya Taft zilimfuata hadi huku Afrika. Januari 1910 Taft alimfukuza kazi Gifford Pinchot, mkuu wa idara ya misitu na mtu wa karibu sana wa Roosevelt. Pinchot akafunga safari hadi Italia, akakutana na mzee aliyekuwa njiani kurudi nyumbani, akammwagia yote. Roosevelt alisikia upande mmoja kwa kirefu. Upande wa pili aliusikia kwa kifupi: alipokutana na Taft majira ya joto mwaka uleule, mazungumzo yalikuwa ya heshima na hadithi, na donda halikuguswa. Marafiki wawili waliokuwa wakiambiana kila kitu sasa walipata habari za kila mmoja kupitia wapambe. Ndugu msomaji, ukiona unamjua aliyekurithi kwa kuambiwa tu, shtuka.

Dalili ya pili ilikuwa kumpima mrithi kwa kivuli chake mwenyewe. Taft alikuwa na tabia ya jaji: mpole, mzito wa maneno, mtu wa kufuata kifungu cha sheria. Serikali yake ilifungua kesi nyingi dhidi ya makampuni makubwa kuliko hata serikali ya Roosevelt. Hilo halikumridhisha mzee, kwa kuwa halikufanywa kwa mtindo wake. Kisha Oktoba 1911 serikali ikaishtaki kampuni ya chuma ya U.S. Steel, na katika mashtaka ukaguswa muungano wa mwaka 1907 ambao Roosevelt mwenyewe, akiwa rais, aliuacha upite. Alijiona ameaibishwa mbele ya taifa. Kuanzia hapo ikawa vigumu kujua anatetea sera au anatetea jina lake. Pengine hata yeye hakuweza tena kutenganisha.

Dalili ya tatu ilikuwa ahadi kuanza kutafutiwa maelezo. Februari 1912 magavana saba walimwandikia barua wakimsihi agombee, na yeye alijua mapema kwamba barua hiyo inakuja. Akakubali. Na lile tamko la 1904? Ikaelezwa kwamba alikuwa na maana ya vipindi vinavyofuatana. Ahadi ni deni, na mdaiwa akianza kufafanua upya maneno ya mkataba, mdai ana sababu ya kuingiwa na wasiwasi. Sauti za magavana saba zilisikika vizuri masikioni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Dalili ya nne, ambayo mimi naiona nzito kuliko zote, ilikuwa ukimya wa marafiki wa kweli. Seneta Henry Cabot Lodge, rafiki wa miaka mingi, alisema hawezi kumuunga mkono, ingawa hatampinga. Elihu Root, aliyekuwa waziri wake, alibaki na Taft. Hata mkwe wake, Nicholas Longworth, mbunge wa Ohio, alikuwa upande wa Taft, na nyumba moja ikagawanyika. Watu hawa hawakuwa na sababu ya kumchukia. Waliompenda kwa miaka mingi walirudi nyuma, wakati wapya waliomshangilia walikuwa wakisogea mbele. Hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu alale usiku mmoja zaidi kabla ya kuamua.

Dalili ya mwisho ilikuwa ulimi. Majira ya kampeni rais aliyeko madarakani na rais aliyeondoka walitukanana mbele ya umati, kuhusu akili, kuhusu majivuno. Neno likishatoka mbele ya maelfu ya watu, kulirudisha kinywani ni kazi.

Ikafika Juni 1912, mkutano mkuu wa Chicago. Katika majimbo yaliyopiga kura za maoni Roosevelt alikuwa ameshinda 9, likiwemo Ohio, nyumbani kwa Taft. Lakini wajumbe wengi hawakupatikana kwa njia hiyo. Viti 254 vilikuwa na mgogoro, na kamati ya chama, iliyokuwa mikononi mwa watu wa Taft, ikampa rais 235 na kumwachia Roosevelt 19. Desturi ilikuwa wagombea wasifike mkutanoni. Yeye akaja Chicago, na usiku wa kuamkia mkutano akahutubia umati mkubwa katika ukumbi mwingine, akiufananisha ugomvi ule na vita vya mwisho vya Har-Magedoni, yeye na wenzake wakipigana upande wa Mungu. Jamani, mzee wa chama akishasema hivyo, aliye upande wa pili amebaki kuwa nani? Mtu haafikiani na shetani. Mlango wa suluhu ulifungwa na hotuba hiyo kabla mkutano haujafunguliwa.

Ukumbini, Root akiwa mwenyekiti, Taft alipata kura 561 na Roosevelt 107. Wajumbe 344 walikaa kimya bila kupiga kura. Agosti wafuasi wa mzee walirudi katika ukumbi uleule na chama kipya cha Progressive, na safari hii Roosevelt akapanda jukwaani mwenyewe. Novemba matokeo yakatoka: Woodrow Wilson wa Democrats kura 435 za majimbo, Roosevelt 88, Taft 8. Wilson alipata kura chache za wananchi kuliko zile alizopata mgombea wa chama chake aliyeshindwa mwaka 1908. Kura za Roosevelt na Taft zikijumlishwa zilifika nusu ya zote. Longworth, yule mkwe, akapoteza ubunge wake.

Na hasara haikuishia kwa wakubwa. Mwaka 1913 serikali ya Wilson iliruhusu ubaguzi wa rangi kuingizwa katika ofisi za serikali kuu, na Wamarekani weusi, ambao wengi wao walikuwa wamekitegemea chama cha Republican tangu enzi za Abraham Lincoln, wakatenganishwa na wenzao kazini. Wao hawakuwamo katika ugomvi wa marafiki wawili. Bili ililetwa kwao.

Nisieleweke kwamba kosa lilikuwa la mstaafu peke yake. Chama nacho kiliziba masikio. Wanachama wa majimbo 9 walikuwa wamesema kitu kwa kura zao, na kamati ikajifanya haikusikia. Taft angeweza kumwita rafiki yake mapema, wakae wawili bila wapambe, wamalize. Lakini Roosevelt naye aliijua mitambo ile. Wajumbe wa majimbo ya kusini, walioshikwa kwa vyeo vya serikali, ndio waliosaidia kumpitisha Taft mwaka 1908, yeye akiwa rais na akiridhika. Kanuni hazikumchoma mpaka zilipomgeukia. Hili linatuhusu sote: utaratibu mbovu unaotupa ushindi leo, kesho atautumia mwingine.

Basi, mstaafu azungumze au asizungumze? Kisa hiki hakinifundishi kwamba anyamaze daima. Mwaka 2012 huko Charlotte, Bill Clinton alisimama kumpendekeza Barack Obama, mtu aliyemshinda mke wake miaka minne tu kabla. Kama alikuwa na kinyongo, hakukipandisha jukwaani. Alitumia muda wake kumjenga mwingine. Mwaka 2016 George W. Bush hakuhutubia mkutano wa chama chake, baada ya mdogo wake kushindwa na Donald Trump, na ukumbi haukugawanyika kwa ajili yake. Mmoja alisema, mmoja alikaa kimya, wote wakaepuka kujifanya wagombea. Kwetu Tanzania, Mwalimu Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka 1985, bado sauti yake ilikuwa na uzito mkubwa mwaka 1995 chama kilipomteua Benjamin Mkapa. Watu wanaweza kubishana kama uzito ule ulizidi, lakini hakuwa akijitafutia kiti.

Hapo ndipo ninapoona mpaka ulipo. Mstaafu anayepanda jukwaani kumwombea mwingine, apewe kipaza sauti. Anayepanda kudai hesabu yake ya zamani, kumnanga mrithi au kurudi kwa mlango wa nyuma, huyo amalize kwanza mambo yake faraghani. Na chama kisingoje siku ya mkutano kugundua mzee ana nini moyoni. Kimtembelee, kimsikilize, kimpe nafasi ya kusema machungu yake mbele ya watu wachache kabla hajayasema mbele ya maelfu.

Tusidhani jambo hili ni la marais tu. Kuna aliyewahi kuwa mwenyekiti wa SACCOS, katibu wa kamati ya msikiti, kiongozi wa kwaya, mkuu wa shule. Nami siku moja nitakabidhi nilichokishika, na sijui moyo wangu utanifanyia nini nitakapoona mwingine anakiendesha kwa namna yake. Kwa hiyo tujiwekee desturi mapema. Tukisikia baya juu ya aliyeturithi, tumwulize yeye kabla ya kuliamini. Tukiitwa kurudi, tuwatafute kwanza marafiki walionyamaza, tuwaulize kwa nini wamenyamaza, na tuwe tayari kusikia jibu.

Roosevelt na Taft walipatana Mei 1918, walipokutana katika hoteli moja hukohuko Chicago. Miezi michache baadaye, Januari 1919, Roosevelt akafariki. Kikao cha watu wawili kiliwezekana siku zote. Kilichelewa miaka minane. Ewe uliye na mrithi usiyezungumza naye, usingoje mkutano mkuu. Mpigie leo.