Mkoko Kati ya Shoka na Katazo

Mkataji wa Lamu aingiapo mikokoni haoni miti tu; huona fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Majina hayo ni vipimo vya unene, na kila unene una kazi yake. Upana wa vyumba katika nyumba za mawe za kale ulifuata urefu wa boriti, si matakwa ya mwenye nyumba. Aliyelelewa katika msamiati huo anajua kwamba ufito ulioachwa leo ndio boriti ya kesho. Kuchagua ni sehemu ya ufundi wake.

Je, mtu huyu ahitaji kukatazwa? Jibu lisiharakishwe. Ujuzi uo huo ndio uliojaza majahazi ya Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na soko la ng'ambo halikinai. Mkono ujuao kuchagua mti haujui kumkatalia mnunuzi. Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje, mwaka 1982, ilimzuia mtu wa mbali asiyewahi kulikanyaga tope lile ambamo kaa, kamba na samaki wachanga hulelewa. Katazo hilo ni vigumu kulilaumu.

La Februari 2018 lilikuwa jingine. Ukataji ulisimamishwa katika misitu ya umma nchi nzima, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukarefushwa. Hofu iliyolizaa ilikuwa ya mito ya bara kukauka. Lakini lilimkuta mkataji wa visiwani na shoka mkononi, akakosa chumo lake. Na miaka hiyohiyo bandari mpya ilikuwa ikijengwa Lamu, mikoko ikifyekwa na bahari ikichimbwa. Mwaka uo huo wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Hapa swali huacha kuwa la miti. Atasema msemaji kwamba bandari ni haja ya taifa zima, na pau ni haja ya nyumba moja. Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kubezwa. Ila aliyeitoa amekwisha kukubali kwamba haja yaweza kuhalalisha kuanguka kwa mkoko. Basi na mwenye haja ya pau ishirini za kuezekea banda asikilizwe: aulizwe ni zipi, za hori gani, na ameacha ngapi zikikua.