Nakili kwanza, futa baadaye

Mahakama za Gacaca zilipofungwa Juni 2012, baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili za mauaji ya kimbari, Rwanda ilibaki na mamilioni ya kurasa, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Kazi ya kuzigeuza kuwa faili za kompyuta imefanyika Kigali, ukurasa kwa ukurasa. Kabla ya hapo, Desemba 2010, hifadhi ya kidijitali ya ushuhuda, picha na video ilikuwa imezinduliwa kwenye kituo cha kumbukumbu ya mauaji hayo kilichoko Gisozi, mjini humo. Kwa baadhi ya manusura, picha moja ndiyo pekee iliyobaki ya wazazi wao. Subira ya waliohifadhi yote hayo naiheshimu sana.

Nawe unaponunua kompyuta mpya, iheshimu kwa subira hiyo hiyo diski ya ile ya zamani, kwani ndiyo inayobeba kumbukumbu zako. Ndani ya diski ngumu ya kawaida sahani huzunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea huelea juu yake. Vikigusana, data huharibika. Ukisikia inagongagonga, izime mara moja umpelekee fundi. Kama ni nzima, nakili. Usikate na kubandika, kwani umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na nusu huku na nusu kule. Linganisha idadi na ukubwa wa mafaili, kisha yafungue baadhi, hasa video na picha za wazee. Nakala nyingine iweke nje ya nyumba yako, kwa ndugu au mtandaoni.

Tafadhali, usiifute diski ya zamani wiki hii.