Mzee Akae Tu?

Dukani Runzewe, wilayani Bukombe, mpira wa kufungia mizigo haukosekani. Ni tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu, na vijana huutumia kukazia magunia kwenye baiskeli na pikipiki. Kipande hichohicho, kikipitishwa chini ya nyayo na ncha zake zikashikwa kwa mikono miwili, kinafanya kazi ya mikanda ya mpira inayotumiwa na wataalamu wa viungo. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyogoma. Mzee aliyeketi huuvuta taratibu mpaka viwiko vipite mbavu, akauachia taratibu, mara kumi. Akipumua kidogo, anarudia.

Kifaa kipo, tena kwa bei ya chini. Kikwazo kimo katika fikra. Bibi wa miaka sabini akivuta mpira uani watoto watacheka, na watu wazima wa dini wanaweza kuuliza swali zito zaidi: nguvu alitoa Mungu na sasa anazichukua Mungu, mja anazidai za nini?

Swali hilo linastahili jibu kutoka katika imani yenyewe. Kitabu cha Yoshua kinamweleza Kalebu, mzee wa miaka 85, akidai apewe nchi ya milima na kutamba kwamba nguvu zake ni zilezile za miaka 45 iliyopita. Hakukemewa. Yoshua alimbariki, akampa Hebroni. Paulo, akimwandikia Timotheo, anaweka mazoezi ya mwili chini ya utauwa, lakini hasemi kuwa hayana faida. Kwa Waislamu, Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inamtanguliza muumini mwenye nguvu mbele ya aliye dhaifu, huku ikikiri kwamba wote wawili wana kheri. Nguvu iliyokusudiwa humo ni pana kuliko misuli, ila hakuna sababu ya kuitoa misuli nje.

Tena ibada yenyewe ni kazi ya miguu. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijda mbili: mara 34 kwa siku paji la uso linagusa ardhi na mwili unainuka tena. Mkatoliki naye hupiga magoti wakati wa mageuzo katika Misa. Sharia ya Kiislamu imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na ruhusa hiyo ni rehema. Lakini wanazuoni wa fiqhi wana kanuni kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Je, mtu ambaye magoti yamemlegea kwa kukaa tu, na anayeweza kuyaimarisha, ruhusa yake ni ya maisha au ni ya muda wa matibabu?

Swali hilo lingekuwa la nadharia tupu kama uzee ungekuwa haurekebishiki. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya mazoezi waliyowapa wakazi 10 wa nyumba ya wazee huko Boston, Marekani, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Baada ya wiki nane, nguvu za miguu za waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha mikongojo. Wao walitumia vyuma, lakini kanuni ni ileile: msuli ukipewa kazi iliyozidi kidogo mazoea yake, hujijenga, hata katika umri wa miaka tisini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili siku tatu au zaidi ili wasianguke.

Zamani jembe liliifanya kazi hiyo bila kuitwa mazoezi. Siku hizi mtoto aliyepata riziki kwenye machimbo au dukani anarudi nyumbani na kusema, "Mama, wewe kaa, sisi tupo." Anasema kwa upendo, na mama anakaa. Baada ya muda hainuki kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Heshima imemnyima uwezo ambao umri ulikuwa haujamnyang'anya.

Wapo wazee waliokataa kukaa tu. Korogocho, Nairobi, vikongwe wa kikundi cha Shosho Jikinge walijifunza kupiga ngumi na mateke ili kujikinga na wabakaji. Hawakungoja kuambiwa kwamba umri wao unaruhusu.

Basi mtoto anayempenda mzazi wake amkatie mpira, auangalie usiwe na nyufa, akae naye dakika ishirini, siku tatu kwa wiki. Mwenye presha au maumivu ya kifua aanzie zahanati. Na shehe, padri na mchungaji waliseme jambo hili mbele ya waumini, kwa sababu wao ndio wanaosikilizwa na wazee hao.