Mshipa Uliovuta: Onyo kwa Mume Amlaumuye Mkewe kwa Mtoto Aliyezaliwa

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu kwa tone la maji dhaifu, akamtia sura, akampa masikio na macho na moyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Imepokewa na Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi, na ikathibiti katika vitabu vya Bukhari na Muslim, ya kwamba mtu wa kabila la Bani Fazara alimjia Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Hakutamka tuhuma wazi, lakini tuhuma ilikuwamo ndani ya maneno yake, kwani nia yake ilikuwa kumkana mtoto. Mtume akamwuliza kama ana ngamia. Akajibu kuwa anao. Akamwuliza rangi zao. Akajibu kuwa ni wekundu. Akamwuliza kama miongoni mwao hamna wenye rangi ya majivu. Akakiri kuwa wamo. Akamwuliza basi rangi ile imetoka wapi. Yule bedui akasema huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Ndipo Mtume akamjulisha ya kuwa mwanawe naye huenda amevutwa na mshipa. Wala hakumpa ruhusa ya kumkana.

Maulamaa wametoa katika hadithi hii hukumu iliyo mashuhuri, nayo ni kwamba haimjuzii baba kumkana mtoto kwa kuwa rangi yake imehitilafiana na ya wazazi tu. Tena limo jambo jingine la kuzingatiwa. Mtu yule aliijua habari ya mshipa kabla hajaulizwa. Aliijua zizini kwake, asiitumie nyumbani kwake. Aliwafanyia insafu ngamia wake, akamnyima insafu mkewe.

Na jambo hili halikwisha kwa bedui yule. Hata leo, katika majumba ya Waislamu wa pwani, wako wanawake washitakiwao bila ya kadhi wala shahidi, kwa mashitaka mawili. La kwanza, mke hushitakiwa kwa kuzaa watoto wa kike tupu. La pili, hushitakiwa kwa kuzaa mtoto mgonjwa, akaambiwa ya kuwa ana kisirani. Yafaa kila shitaka lipimwe kwa mizani ya elimu na ya sharia.

Ama shitaka la kwanza, Mwenyezi Mungu amekwisha kulihukumu katika Surat Shura, alipobainisha ya kuwa yeye ndiye ampaye amtakaye watoto wa kike, na amtakaye wa kiume, na wengine huwachanganyia, na wengine huwafanya tasa. Na katika Surat Nahl amewalaumu Waarabu wa zama za ujahili, ambao mmoja wao akibashiriwa mtoto wa kike, uso wake husawijika akajificha asionekane na watu. Hiyo yatosha kwa mwenye imani. Lakini elimu ya viumbe, ambayo vijana hufundishwa katika skuli za sekondari, imeongeza ushahidi juu ya mwenye kubisha.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana illa kwa darubini. Ndani ya kila chembe yenye kiini mna nyuzi ziitwazo kromosomu, nazo ni 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi mmoja umetoka kwa baba na mmoja kwa mama. Nyuzi hizi ndizo zichukuazo jeni, nazo jeni ni mfano wa khati iliyoandikwa ndani yake rangi ya ngozi, umbo la pua, na sifa nyingine za mwili. Jozi moja katika hizo ndiyo ipambanuayo mume na mke. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X moja na Y moja. Mwaka 1905, huko Marekani, bibi mmoja mtaalamu aitwaye Nettie Stevens alipochungua mbegu za wadudu aliona ya kuwa tofauti hii hutoka kwa mbegu ya dume. Na kwa mwanadamu ni vivyo hivyo. Yai la mke daima lina X. Mbegu ya mume ama ina X, ama ina Y. Ikifika yenye X, mtoto huwa wa kike. Ikifika yenye Y, huwa wa kiume.

Basi mume amwachaye mkewe kwa kukosa mtoto wa kiume amemdai mtu mali ambayo hakuwa nayo kabisa, na hali mwenyewe ndiye aliyeikamata. Wala mume naye halaumiwi, kwani hana uwezo wa kuchagua mbegu ipi itangulie. Wote wawili ni wapewa; mpaji ni mmoja.

Ama shitaka la pili ni zito zaidi, kwa sababu ndani yake mna mtoto mwenye maumivu. Huonekana mtoto amezaliwa mzima, amenona, kila amwonaye humsifu. Afikapo miezi 6 au zaidi, viganja na nyayo humvimba, akalia usiku kucha. Macho yakawa manjano, damu ikapungua, homa zikamwandama. Jirani akasema amepatwa na jicho la hasidi. Shangazi akasema ni shetani wa ukoo wa mama. Mume akasikia maneno ya kila mtu, asisikie ya daktari.

Maradhi haya huitwa selimundu. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupita katika mishipa myembamba bila ya taabu, na huishi kadiri ya siku 120. Kwa mgonjwa huyu chembe hujikunja kama mundu, zikawa ngumu, zikaziba njia za damu. Hapo ndipo maumivu. Tena hufa upesi, nyingi zisitimize hata siku 20. Ndiyo sababu ya upungufu wa damu. Mwaka 1910 tabibu James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizi alizoziona katika damu ya kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada. Na mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe walionyesha ya kuwa ila imo katika himoglobini yenyewe, ambayo ni kile kitu chekundu kichukuacho hewa ndani ya damu. Mtoto hakai mzima miezi ya kwanza kwa sababu hasidi hajamwona bado. Hukaa mzima kwa kuwa damu yake ingali na himoglobini aliyotoka nayo tumboni, nayo hupungua kidogo kidogo.

Sasa na aulizwe mume: mshipa huu umevuta kutoka wapi? Kila mtu ana khati mbili za himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye khati moja yenye ila na moja nzima hawi mgonjwa. Hulima, huvua, husafiri, asijue kitu. Huyo huitwa mchukuzi. Mtoto haugui selimundu hasa illa apate khati yenye ila kutoka pande zote mbili. Wakioana wachukuzi wawili, kila mimba ina fungu 1 katika 4 la kuzaliwa mgonjwa, mafungu 2 ya kuwa mchukuzi kama wazazi wake, na fungu 1 la kutokuwa na ila kabisa. Na kila mimba ni kura mpya. Haisemwi kwamba akiisha kuzaliwa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao watasalimika.

Kwa hiyo mume asemaye ya kuwa ugonjwa umetoka kwa mama amesema nusu ya kweli, akaficha nusu yake mwenyewe.

Na hapa pana hadaa kubwa imponzayo. Humwacha mke wa kwanza, akaoa wa pili asiye mchukuzi, akapata watoto wazima. Hapo husimama barazani akasema, tazameni, kisirani kilikuwa cha yule. Naye hajui ya kuwa ila ingali mwilini mwake, na ya kuwa katika watoto wale wazima baadhi yao huenda wameirithi, ikilala kimya mpaka ikutane na mwenziwe. Na yule wa kwanza amerudi kwao na mtoto mgonjwa begani, hana mume, na sifa mbaya imemtangulia mlangoni. Ni dhuluma gani iliyo kubwa kuliko hii, kwa mtu kumtwika mwenziwe mzigo ambao wameuchukua wote wawili?

Wala kuichukua ila hii si aibu. Mtaalamu Anthony Allison alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, akaona wachukuzi ni wengi zaidi pwani na kandokando ya ziwa Victoria, mahali penye malaria nyingi. Mwaka 1954 alitoa habari ya kuwa mchukuzi hukingwa na ukali wa malaria. Basi khati ile ile iliyowahifadhi mababu katika nchi ya mbu, ikikutana mara mbili kwa mjukuu mmoja, huwa maradhi. Lakini mgonjwa mwenyewe hana kinga hiyo. Malaria humdhuru zaidi kuliko wengine.

Yampasa basi mwanamume mwenye kumcha Mungu afanye mambo manne. Kwanza, azuie ulimi wake. Surat Nur imeweka mijeledi 80 kwa mwenye kumsingizia mwanamke mtahiri zinaa, asilete mashahidi wanne. Na mwenye kuzitetemekea adhabu hizo hachezi na heshima ya mkewe kwa sababu ya rangi au ugonjwa wa mtoto. Pili, ampeleke mtoto hospitali wala asimkawize kwa waganga wa kuchanja. Mtume aliwaamrisha watu wajitibu, na dua haikatazi dawa. Mtoto huyu hupewa dawa ya kumkinga na vijidudu tangu uchanga wake, hulazwa ndani ya chandarua, hunyweshwa maji mengi, na iko dawa iitwayo hidroksiurea ipunguzayo maumivu yake. Tatu, atoe masurufu ya mtoto na kusaidia ulezi wake, hata kama ameachana na mama yake. Kwani talaka huvunja ndoa, haivunji ubaba.

Nne, wanaotaka kuoana wapime damu kabla ya kufunga ndoa, na hasa watoto wa ami na wa mjomba ambao katika ukoo wao maradhi yamekwisha kuonekana. Ndoa ya binti ami ni halali, hapana wa kuiharimisha. Lakini watu wa babu mmoja huenda wamerithi ila moja, na msingi wa sharia ni kuondoa madhara. Serikali ya Saudi Arabia tangu mwaka 2004 imewalazimisha wachumba kupimwa selimundu kabla ya ndoa, na wakiisha kujua hali yao huachiwa hiari yao. Ni matone machache ya damu. Mtu hupima kina cha maji kabla ya kuingiza chombo mlangoni mwa bandari. Itakuwaje asipime kabla ya kuingia katika nyumba atakayokaa umri wake?

Bedui wa Bani Fazara alikuja na tuhuma, akarudi na mwanawe. Hakuongezewa mali wala ngamia. Alikumbushwa tu jambo alilolijua. Na leo elimu imezidi, hoja juu ya mwenye kudhulumu nayo imezidi. Mwenyezi Mungu awaponye watoto wagonjwa, awape subira mama zao, na awape baba zao insafu katika majumba yao kabla ya siku ambayo kila nafsi itaulizwa. Amin.