Kiota Kilicho Njiani

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Somo letu ni fupi, na wengi hulipita haraka, maana limewekwa kati ya sheria ya ng'ombe aliyepotea na sheria ya kujenga ukingo juu ya dari. Mtu yuko safarini, anakuta kiota, na mama ndege amelalia mayai au makinda. Torati yamruhusu kutwaa makinda. Mama sharti amwache aende zake. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliihesabu amri hii kuwa nyepesi kuliko zote. Lakini angalieni ahadi iliyofungwa nayo: heri na siku nyingi, kama ile waliyoahidiwa wanaowaheshimu baba na mama.

Naipenda amri hii kwa kuwa haimdharau mwenye njaa. Mungu hakumwambia msafiri asile. Alimwambia asile hata mzazi, pasibaki wa kuzaa tena. Tena aliisema kwa mtu aliye peke yake porini, pasipo shahidi wala bwana nyama.

Yuko mnyama mmoja mdogo, si wa huku kwetu, ambaye habari zake zaweza kutusaidia kulielewa somo hili. Ni sange, na huyu ninayemtaja huishi katika misitu na vichaka vya pwani ya Kenya, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi. Ana pua ndefu ya kupekua wadudu majanini, miguu myembamba, uzito wa nusu kilo hivi, na nyuma, juu ya mkia, ana doa la manjano kama dhahabu. Akishtuka huyapiga majani makavu kwa mkia wake, kisha hukimbia. Dume na jike hushika eneo moja maisha yao yote. (Wanaohubiri juu ya ndoa wasifurahi upesi: wataalamu wameona kwamba wawili hao hutembea pamoja mara chache sana.) Hulala chini, katika kiota cha majani ambacho mpita njia angedhani ni takataka za msitu tu. Naye huzaa mtoto mmoja kwa mara moja.

Basi mnyama huyu yumo hatarini kutoweka. Msitu wake umebaki kipande cha kilomita za mraba 400 na kitu, umezungukwa na mashamba. Watu huingia kukata miti ya kujengea na kuni, wengine hutega mitego ya kamba wapate kitoweo. Na mtego, ndugu zangu, hauulizi nani mama na nani kinda. Mwenye kutega amelala nyumbani. Kamba yake ndiyo inayoamua.

Najua litakalosemwa. "Ni panya tu, na panya ametajwa kuwa najisi katika Mambo ya Walawi." Kwanza, si panya. Sura yake imewadanganya watu siku nyingi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walilinganisha urithi ulio katika damu ya wanyama, wakaona kwamba sange ni wa ukoo mmoja na tembo, na nguva wa baharini, na pimbi wetu wa miambani, ndiye wibari ambaye Mithali inamweka kati ya wadogo wenye akili nyingi. Jamaa ya tembo, naye aenea katika viganja viwili! Pili, hata angekuwa panya, Nuhu aliagizwa kuingiza safinani walio safi na wasio safi pia. Hakuambiwa achague wenye faida.

Lakini swali gumu si la panya. Ni la mwenye shamba. Majirani wengi wa Sokoke ni maskini, na katika miaka ya 1990 wako waliotaka msitu ugawanywe wapate kulima. Siwalaumu. Mtu mwenye watoto wenye njaa humwambii habari za sange ukaondoka. Mwaka 1993 ulianza mradi uitwao Kipepeo, ambao wakulima wa kandokando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza buu waliojifunga kwa wanunuzi wa ng'ambo. Msitu ukifa, biashara nayo imekufa. Baadaye shirika la Kikristo liitwalo A Rocha lilianza kuwalipia karo ya sekondari watoto wa majirani hao. Hapo naiona torati ya kiota ikitendwa: mwenye njaa apate kitu, na mama aachwe.

Turudi huku kwetu. Tukitoka Kilimatinde kwenda upande wa Itigi twaingia katika vichaka ambavyo namna yake haipatikani penginepo duniani, ila huko kaskazini ya Zambia karibu na Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa imekwisha kufyekwa. Mkaa hulipa ada ya shule, hilo nalifahamu. Wako miongoni mwetu waliosomeshwa kwa mkaa. Lakini mtu akikata akaacha kisiki, kisiki huchipua. Akichoma na kung'oa mizizi, amemtwaa mama pamoja na makinda. Wenye mizinga wanalijua jambo hili kuliko mimi, maana nyuki hawakai penye jivu.

Nawaomba vijana waendao porini na mbwa: mitego iliyotegwa ikasahauliwa huendelea kuua, na mnyama huoza pasipo kuliwa na mtu. Nendeni mkaitegue kabla mvua hazijaanza. Nanyi akina baba mnaokata miti, semeni na watoto wenu juu ya visiki mkiwa huko huko kazini, panga likiwa mkononi.