"Frateri, bora nisijue"



Nikiwa likizo nyumbani Matombo, nilipanda bodaboda ya rafiki yangu tuliyepata Kipaimara pamoja. Njiani akanifungukia mambo yake: safari za usiku, mjini, wapenzi. Nikamwambia, "Ndugu, kapime." Akajibu, "Frateri, we niombee tu. Bora nisijue."

"Unaogopa ugonjwa?"

Akacheka. "Dawa si zipo? Naogopa benchi."

Nilimwelewa. Huku milimani, ukikaa kwenye lile benchi la kupimia saa tatu, saa nne habari ziko gulioni. Na wanaozipeleka ni sisi tuliosali rozari jana jumuiyani. Hapo nikaona dhambi ya kuungama si yake peke yake.

Soma Luka 17:11-19. Wakoma kumi wanamlilia Yesu, naye hawaponyi palepale. Anawatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa Torati ndio waliokagua ugonjwa ule. Waliondoka na vidonda vyao. Uzima uliwakuta njiani. Vijana wengine wanasema, "Nina imani, sihitaji kupima." Imani ya wale kumi ilikuwa miguuni. Tena Yesu hakumwuliza hata mmoja aliupataje.

Nasi tuna sababu ya kwenda mapema. Tangu 2016, hapa Tanzania anayegundulika na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri mwili udhoofike, na dawa ni bure. Akizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mama mjamzito anaweza kupata mtoto asiye na virusi. Tangu 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, na majibu ni siri. Mwaka 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani, wakaonyesha kwamba benchi lile si la aibu.

Hii si ruhusa ya kuishi hovyo. Usafi wa moyo unabaki wito wetu. Lakini aliyeanguka hainuliwi kwa kufichwa ukweli.

Basi nikamwambia, "Twende wote. Wakituona, wabaki wanabishana ni nani kati yetu."

Tulikwenda. Nimefundishwa falsafa miaka mitatu, lakini pale kwenye benchi sikuwa na hoja yoyote. Nilikuwa natetemeka kama yeye. Tukasali Salamu Maria kimyakimya hadi tulipoitwa, mmoja mmoja.

Msiniulize majibu yake. Ni yake, na akinyamaza nami nanyamaza.

Wale wakoma walikwenda kumi. Wewe wiki hii utamsindikiza nani? Na ukimwona jirani kwenye benchi, mdomo wako utafanya nini?

Ee Yesu, utupe miguu ya kwenda na ulimi wa kutunza siri. Amina.